Kabla Boila Haijazimwa

Jumatatu, 5 Januari

Nimenunua daftari hili kwa sababu tangu nijifungue kichwa changu hakishiki kitu. Nikijaribu kukumbuka wiki iliyopita naona nepi tu.

Leo Bi. Marivic, msimamizi wetu, alitukusanya pale jikoni kwa wanyama, tunapokatia matunda, akatusomea barua. Ukumbi wa msitu, ule wa vioo katika bustani yetu ya wanyama, unabadilishwa. Wanyama wote wa Amerika ya Kusini wanaondoka, kila mmoja na bustani yake ya kwenda, na ifikapo Mei wataingia wa Madagaska: komba, vinyonga, kobe. Boila, ule mtambo wa mvuke unaotupa joto, imezeeka, na mkaguzi wa mkoa ameibandika karatasi nyekundu. Itazimwa Jumamosi tarehe 28 Februari saa sita mchana, haina mjadala. Kisha paa la vioo litang'olewa.

“Angalau baridi itatuulia mende,” Marivic akasema.

“Mende wa humu wana pasipoti, bosi,” akajibu mzee Lorne, mlishaji mwenzangu. “Watahamia ofisini kwako.”

Tulicheka. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.

Alhamisi, 8 Januari

Sikio la Halya, mwanangu, linamuuma. Hakulala, sikulala. Darcy, baba yake, alikuwa barabarani na gari lake la kuondoa theluji, mwenye bahati.

Jumatatu, 12 Januari

Orodha ya safari imebandikwa ukutani. Tumbili wadogo wa masharubu wanakwenda Alberta, kasuku wakubwa na wale aguti, wanaofanana na panya wakubwa, wanakwenda Quebec, Agnes anakwenda Ontario mwezi wa tatu. Atasubiri kwenye jengo la karantini, ila lazima awe ametoka ukumbini kabla ya tarehe 28.

Agnes ndiye mkongwe wetu. Ana miaka ishirini na minne, ameishi humu kabla sijamaliza shule ya msingi. Jamii yake huitwa wavivu, jina la kuonewa kabisa. Ananing'inia kichwa chini, anakwenda polepole, basi. Hana kizimba. Anakaa juu ya mtini mkubwa karibu na maporomoko ya maji, na chakula chake tunakipandisha kwa kamba hadi kwenye kibao chake jioni, asubuhi tunashusha sahani tupu.

Kila asubuhi tunahesabu. Unasimama kwenye daraja la ukumbini na fomu, unatazama juu, unaona bonge la kahawia kwenye panda la mtini, unatia alama ya vema. Agnes, mmoja. Lorne ndiye aliyenifundisha. “Huyu hana haja ya kuhesabiwa, binti,” aliniambia siku yangu ya kwanza, miaka minne iliyopita. “Huyu ni kama kodi. Yupo tu.”

Jumatano, 21 Januari

Tumbili wameondoka. Wiki mbili nimewazoesha kuingia kwenye sanduku la safari wenyewe, zabibu moja, zabibu mbili. Leo waliingia, nikashusha mlango. Yule jike mkubwa alinitazama kupitia matundu. Sikuona hasira machoni mwake, aliona tu kwamba zabibu ya tatu haiji. Nimejisikia mwongo siku nzima.

Ijumaa, 23 Januari

Nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri. Gari limekataa kuwaka. Nilisahau kuchomeka waya wa umeme unaopasha injini usiku.

Jumatano, 28 Januari

Kasuku na aguti wameondoka. Ukumbi umekuwa kimya hadi nasikia maji. Lorne anasema ni kama nyumba ya msiba baada ya wageni kuondoka na sufuria zao.

Ijumaa, 30 Januari

Sahani ya Agnes imeshuka haijaguswa. Hata jana.

Jumamosi, 31 Januari

Haijaguswa. “Ana huzuni,” Lorne kasema. “Majirani wamehama.” Nimetia vema.

Jumatatu, 2 Februari

Sahani imeshuka imejaa siku ya tano. Nikasema nipande nimwone meno, labda anaumwa. Nilichukua ngazi ndefu, Lorne akaishika. Nikapanda nikimwita, “Agnes, mama, ni mimi,” na kipande cha kiazi kitamu mkononi. Nikafika kwenye panda. Nikanyoosha mkono nikagusa.

Kangaga, majani yaotayo mitini. Bonge la makangaga makavu, yamevimba yakakunjana, rangi ileile, ukubwa uleule. Nililibonyeza likatoa vumbi.

Sikupiga kelele. Nilikaa pale juu na kiazi changu. Nikatazama mtini wote, tawi kwa tawi, kisha mti wa pili, wa tatu. Kisha ndipo nikaelewa sahani. Kasuku walikuwa wanakula chakula chake jioni na alfajiri, na yaliyoanguka wakamalizia aguti. Kumbe tulikuwa tunalisha wezi na kuandika jina la mwingine.

“Vipi, mzima?” Lorne akauliza kutoka chini.

“Hayupo.”

“Nani hayupo?”

“Agnes hayupo, mzee. Hapa pana jani.”

Akasema taratibu, “Shuka. Usiseme kwa sauti.”

Tulikwenda kabatini tukatoa fomu. Mara ya mwisho aliposhikwa kwa mkono, akapimwa uzito, ni tarehe 6 Novemba. Baada ya hapo ni vema juu ya vema, nyingine kwa mwandiko wa Lorne, nyingine, nyingi zaidi, kwa mwandiko wangu. Siku themanini na nane. Kuna vema moja nimeitia kwa kalamu ya rangi ya Halya.

“Tumtafute kwanza,” Lorne akasema. “Tukimpata hakuna wa kuumia. Marivic akijua leo, kesho mimi niko nyumbani natazama ukuta.”

Nilikubali. Najiandikia hapa ili nisije nikasahau kwamba nilikubali.

Jumanne, 3 Februari

Tumetafuta kwa siri kama wezi. Hakuna. Kwenye fomu Lorne ametia vema. Nimemwona akiitia, na nimenyamaza.

Jumatano, 4 Februari

Nimemwambia Marivic. Niliingia ofisini kwake, sikuketi. Nilidhani atapiga meza. Alivua miwani tu.

“Tangu lini, Tannis?”

“Sijui, bosi. Hapo ndipo pabaya. Sijui.”

“Umekuja mwenyewe, au umesukumwa?”

“Mwenyewe. Ila nilikawia siku mbili.”

Siku zote nimemwona mtu wa makaratasi, baridi, wa kuhesabu pea za glavu. Alivuta droo akatoa ripoti za kila wiki, akanionyesha sahihi yake chini ya kila moja. “Mimi nilitia sahihi juu ya vema zako bila kutoka kwenye kiti hiki,” akasema. “Tutagawana hayo baadaye. Sasa hivi mnyama ana siku ishirini na nne.”

Lorne hakunisalimia jioni.

Ijumaa, 6 Februari

Mkurugenzi amesema tarehe haisogei. Karatasi nyekundu ni sheria: boila inaweza kupasuka na watu ndani. Sikuweza hata kumchukia.

Marivic ndiye aliyeleta akili ya unga. Wavivu hushuka chini mara moja kwa wiki, kwa haja yao, daima chini ya mahali wanapoishi. Basi tumemwaga unga wa ngano chini ya kila mti na kila ukuta, magunia sita. Kama yuko hai, atashuka. Kama hakushuka, tutajua pia.

Jumatatu, 9 Februari

Unga mweupe, safi.

Jumanne, 10 Februari

Safi.

Jumatano, 11 Februari

Alama za panya. Lorne kapiga magoti akizichungulia nusu saa, pua inagusa unga. Nikamwambia, “Mzee, hizo ni za panya, mtoto mdogo angejua.” Nilisema kwa ukali.

Ijumaa, 13 Februari

Zimamoto wameleta kamera yao inayoona joto. Kijana wao alizunguka nayo kwa majivuno, kisha akakwama. Mvivu hana joto lake. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Na paa lote limezungukwa na mabomba ya mvuke. Kwenye kioo cha kamera kila kitu kilikuwa cheupe. “Samahani, dada,” akasema. “Ni kama kutafuta chumvi kwenye theluji.”

Jumanne, 17 Februari

Yuko hai!

Saa mbili asubuhi, nyuma ya maporomoko, chini ya ule mwamba wa saruji: vidonge vya kinyesi, vibichi, na mchirizo kwenye unga kama wa mtu aliyeburuta nguo. Nililia pale pale, nimeshika mavi kwenye glavu. Marivic naye alikuja mbio, viatu vya ofisini ndani ya tope, akanikumbatia. Sikujua kwamba huyu mwanamke hukumbatia watu.

Sasa tunajua alipo. Juu ya mwamba ule kuna ufa, upana wa shibiri moja na nusu, na ndani mabomba makuu yanapanda hadi paani. Viungo vyake vimezeeka, ametafuta joto. Amekuwa akila majani ya mmea mtambaazi ulioziba ufa. Ukitazama vizuri, yameliwa upande mmoja.

Mafundi wamesema mwamba hauvunjwi mabomba yakiwa na mvuke, watu wataungua. Boila ikizimwa, yapoe siku mbili ndipo wakate. Siku mbili, kwa baridi hii, humu ndani patakuwa barafu.

Kwa hiyo amejificha palepale ambapo joto litaondoka.

Alhamisi, 19 Februari

Nimekaa juu ya ngazi kwa muda wa saa saba na maua ya haibiskasi, chakula anachokipenda kuliko vyote. Hakutoka. Ufa ni giza na unapinda. Tukamwekea mtego wa wavu chini, labda atashuka tena. Wiki kwa wiki. Kwa hesabu hiyo ni tarehe 24.

Ijumaa, 20 Februari

Dhoruba. Chekechea imefungwa, Darcy amerudi asubuhi baada ya zamu mbili mfululizo, macho mekundu. Nilikuwa navaa koti.

“Unakwenda wapi na dunia yote imefungwa?”

“Kazini. Wanyama hawafungwi.”

“Tannis, unamtafuta mnyama kutwa nzima. Mtoto wako anakutafuta wewe.”

Halya alikuwa ameshika mguu wangu kwa mikono miwili. Nilimtoa, kidole kwa kidole. Nikambusu. Nikamwambia, “Mama anarudi,” nikatoka, na kilio chake kikanifuata hadi kwenye gari. Najua tu kwamba huyu mnyama wa kazini, niliiambia dunia kila siku kwamba nimemwona.

Jumanne, 24 Februari

Hakushuka. Unga safi. Wavu mtupu. Daktari wa wanyama anasema pengine amesikia harufu yetu, pengine wavivu wazee hukaa hata siku kumi. Siku kumi ni tarehe 27. Pengine.

Jumatano, 25 Februari

Alfajiri tanuru la kupashia nyumba joto lilizimika, pakawa baridi. Halya alikuwa amelala ukingoni mwa kitanda chetu. Nilimwangalia. Bila kufumbua macho alisogea, akapumzika, akasogea, mpaka akaniganda kifuani. Hakuna aliyemwita. Alifuata joto tu.

Nilifika kazini kabla sijafunga viatu vizuri. Nikamwambia Marivic: tusisubiri Jumamosi. Tushushe boila sisi wenyewe, kidogo kidogo, kuanzia leo, na mdomoni mwa ufa tuweke hita na taa. Ndani papoe, nje pawe na joto. Afuate.

Daktari akatikisa kichwa. “Chini ya nyuzi ishirini misuli yake inagoma. Mkishusha haraka atagandia humo humo. Na tumbo lake likipoa, chakula kinaoza ndani.”

“Basi tushushe polepole. Nyuzi moja, tunasubiri. Nyingine, tunasubiri.”

Marivic alinitazama. “Ukikosea, tutakuwa tumemuua sisi, si boila.”

“Nikinyamaza atakufa pia, bosi. Tofauti ni kwamba mikono yangu itakuwa safi.”

Akainua simu akawaita watu wa boila. Tumeanza saa nne asubuhi. Nyuzi ishirini na tisa.

Alhamisi, 26 Februari

Ishirini na saba asubuhi. Ishirini na sita adhuhuri. Ishirini na tano jioni. Hakuna.

Ijumaa, 27 Februari

Ishirini na nne. Ishirini na tatu. Hakuna. Unga safi. Majani ya mizabibu ya paani yanaanza kunyauka. Kwa mara ya kwanza humu nimevaa sweta.

Mchana nilimkuta Lorne amekaa chini ya mwamba na darubini mapajani. Tangu niende kwa Marivic hatujazungumza ila neno la kazi. Nikakaa kando yake.

“Waona kitu, mzee?”

“Sioni kitu, binti.” Akacheka kicheko kikavu. “Sioni kitu zaidi ya darajani, mwaka wa pili sasa. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ningemwambia nani? Wangenistaafisha asubuhi, mchana ningekuwa nimekufa kwa upweke. Nilitia vema palipo na kivuli.”

Nikakumbuka unga, pua yake ikigusa chini, na maneno niliyomtupia. Nilikuwa nimemweka moyoni kama mwoga tu. Nikamshika mkono. Lakini sikumwambia kwamba si neno, maana ni neno. Na langu ni kubwa zaidi. Yeye hakuona. Mimi sikutazama.

Jumamosi, 28 Februari

Saa tatu asubuhi, nyuzi ishirini na mbili. Saa tano, ishirini na moja. Tuko wanne chini ya mwamba: mimi, Lorne, Marivic, daktari. Hita inapumua mdomoni mwa ufa.

Saa sita kamili boila ilizimwa. Sikuwahi kujua kwamba ilikuwa na sauti mpaka sauti ile ilipokatika.

Saa saba, kumi na tisa. Daktari akatazama saa yake, akaangalia pembeni. Saa nane, kumi na saba. Matone yakaanza kudondoka kutoka kwenye vioo, ya baridi. Marivic alikuwa anasali kwa Kitagalogi, midomo tu. Nilifikiri: nimemuua. Nilishika tumaini la watu wanne nikalifanya hesabu ya darasani. Nilifikiri pia, Mungu anisamehe, kwamba heri angekuwa amekufa zamani, Novemba, bila mimi kujua.

Saa nane na nusu Marivic akasema, “Mkono.”

Ulikuwa umetoka ufani, kutoka kiwikoni, kucha mbili zimekunjwa, manyoya ya kijani kwa ukungu. Nilidhani ni mzizi. Ulikuwa umeelekea hita, umesimama. Haukusogea tena.

“Ameishiwa nguvu,” daktari akasema. “Kumvuta haiwezekani, atakaza, atavunjika.”

Nilipanda. Lorne alishika ngazi. Nilifika usawa wa ule mkono, nikazima hita nisiungue, nikafungua koti, nikafungua sweta, nikaegemea mwamba kifua kikiwa na fulana tu, nikauweka ule mkono juu ya moyo wangu. Ulikuwa baridi kama kipande cha nyama kutoka friji. Nikafunika kwa koti. Nikasubiri.

“Usikohoe, mzee,” nikanong'ona.

“Nimekohoa lini mimi?”

“Unataka kukohoa, nasikia ngazi.”

Sijui ilikuwa muda gani. Marivic anasema dakika hamsini. Kwanza kucha zilisogea, zikatafuta, zikanasa kwenye fulana na ngozi pamoja. Niliuma mdomo. Kisha uzito kidogo. Kisha mkono wa pili. Kisha kichwa, kile kiuso kidogo cha mtu anayetabasamu bila sababu, pua kavu, jicho moja na utando. Akatoka mwambani akaja kwangu inchi kwa inchi, na kila inchi nilihesabu, na kila nilichohesabu nilikiona kwa macho yangu. Nilipoingiza mkono wangu ufani kuushika mguu wake wa nyuma, ukingo wa bomba ukanikata kifundoni. Sikuutoa.

Nilishuka naye ameniganda. Kilo nne na robo. Alikuwa na sita.

Jumapili, 1 Machi

Daktari alisema apashwe nyuzi moja kwa saa, haraka zaidi moyo utasimama. Darcy alimleta Halya karantini mchana, wakasimama nje ya kioo. Nikamwona Darcy akitazama plasta kifuani mwangu na kifundoni. Aliinua mkono wa Halya akaupunga.

Jumanne, 3 Machi

Hajala. Hajapata choo. Tumbo gumu.

Jumatano, 4 Machi

Hajala. Daktari ametaja sindano ya mwisho, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la mgeni asiyetakiwa. Amesema kesho.

Alhamisi, 5 Machi

Saa moja na dakika kumi asubuhi alipata choo, kingi, kibovu, harufu ya kuua. Saa tatu alikula ua moja la haibiskasi. Alilitafuna dakika sita. Daktari alirudisha sindano kabatini, akafunga kwa ufunguo.

Jumatatu, 9 Machi

Kikao. Lorne alisimama akasema vema zote ni zake. Nikasimama nikasema si kweli, zile hamsini na moja ni zangu, nikataja tarehe. Marivic akataja sahihi zake. Lorne anastaafu mwisho wa mwezi. Mimi nimeondolewa kwa wanyama miezi sita, nitakata matunda. Ni haki. Nilirudi nyumbani mapema, nikalala na Halya mchana kweupe.

Alhamisi, 19 Machi

Gari la Ontario limekuja. Marivic aliniruhusu nimpakie Agnes. Ana kilo nne na nusu. Sanduku lina gogo la kushikia, blanketi, na kipasha joto, na dereva ni mtu mwenye haraka zake.

“Dada, njia ni siku mbili, na kuna theluji mbele. Tufunge?”

Agnes alikuwa ameanza kunyoosha mkono. Ulikuwa unatoka gizani kuja kwangu, kwa mwendo wake.

“Subiri,” nikamwambia.

Alisubiri. Akatazama saa, akatazama mbingu, akawasha sigara, akaizima. Mkono ulikuja hadi ukafika, ukaninasa kidole. Ulikuwa na joto.

Nikaufungua, kucha ya kwanza, kisha ya pili. Nikaurudisha kwenye gogo, nikahakikisha umeshika. Nikafunga mlango.